Krapf Alisoma Neno na Nani?

Usomaji wa juma: Matendo 8:26–40, 2 Petro 1:20



Katika mfululizo wetu wa watumishi waliotutangulia, juma hili nimemchukua Johann Ludwig Krapf. Wengi wenu mlimsoma shuleni: Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, na wasomi wa Ulaya wakamcheka ati theluji itakaaje karibu na ikweta. Hiyo ya mlima sitairudia. Mlima ulikuwa pale na Wakamba walikuwa wakiuona kila asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Mimi kinachonishika kwa Krapf ni jinsi alivyosoma Biblia. Alikuwa mtu wa kupewa neno, kama tunavyosema sisi. Alifungua Maandiko, akaona njia yake humo ndani, akafunga mizigo akaenda. Mara nyingine alikuwa amesoma sawasawa. Mara nyingine alikuwa ameusoma mpango wake mwenyewe, akaupaka jina la Mungu. Na yeye mwenyewe, akiwa bado ndani ya jambo, hakuwa na kipimo cha kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Alizaliwa Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima, mtu wa kujiweza kidogo. Akiwa na miaka kumi na moja, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya, na kipigo kile kikamlaza kitandani karibu nusu mwaka. Mtoto wa kijijini, hana michezo, hana kazi ya shamba, kando yake kuna Biblia na vitabu vichache vya ibada. Akasoma. Akawaza juu ya umilele, jambo ambalo mtoto wa umri huo kwa kawaida hana haja nalo. Alipopata nafuu akapelekwa shambani wakati wa mavuno, na kule akawa anawasimulia wavunaji hadithi za Agano la Kale wakiwa na kazi yao mkononi. Watu wakaanza kumwambia baba yake kwamba huyu atakuwa mchungaji.

Nataka mkumbuke hao wavunaji. Usomaji wake wa kwanza ulikuwa na masikio ya wengine. Mvunaji ana haki ya kukukatiza na kuuliza, sasa huyo Yusufu alitupwa shimoni kwa nini?

Alipoingia shule ya mjini akapata ramani ya dunia, akaenda moja kwa moja kwenye Afrika ya mashariki. Upande wa pwani ya Wasomali na nchi ya Adal majina yalikuwa machache mno, karibu karatasi tupu. Alikuwa amesoma habari za fisi wa Afrika, basi kijana akakaa akijiuliza kama kweli eneo lote lile ni jangwa la fisi tu. Sisi tunaokaa kwenye hiyo karatasi tupu tunaweza kucheka. Hata leo ukiwaambia jamaa zako kule chini kwamba umepangiwa kazi Mandera, wengine wanakuangalia kama yule mtoto alivyoiangalia ramani.

Mwaka 1827 akajiunga na chuo cha misheni kule Basel, Uswisi. Hapo ndipo akaingia katika kusoma kwa upweke. Akashikwa na vitabu vya watu waliofundisha njia ya ndani sana ya roho, kina Madame Guyon na Jakob Böhme, na kadiri alivyozama ndivyo alivyoona kwamba kazi ya misheni si ya kwake. Akaacha chuo. Akarudi nyumbani, akasomea theolojia Tübingen, akamaliza mwaka 1834, akawa msaidizi wa mchungaji. Msaidizi wa mchungaji, kama mimi! Na huko kwenye usharika wa Wolfenhausen akapanda mimbarini akahubiri kwamba dunia imefika saa yake ya mwisho. Ujumbe huo ukamletea maswali kutoka kwa wakubwa wake kanisani, na akaiacha ile kazi.

Mnaona mtu huyu. Hajafika miaka thelathini na ameshasoma Biblia ikamtuma, akasoma ikamzuia, akasoma ikamtisha. Kitabu ni kilekile. Sisemi ile mahubiri ya saa ya mwisho ilikuwa uongo. Bwana anarudi, sisi Wapentekoste hatuhitaji kufundishwa hilo. Ila kulijua jambo ni kitu kimoja, na kulishika hata likufanyie kazi ni kitu kingine.

Aliyemtoa hapo hakuwa malaika wala ndoto. Alikuwa rafiki, mmisionari wa Kiswidi aliyeitwa Peter Fjellstedt, aliyekaa naye, akasikia mashaka yake, akamrudisha njiani. Mwaka 1837 Krapf akaondoka kwenda Ethiopia chini ya jumuiya ya misheni ya Anglikana ya Uingereza, CMS.

Ya Ethiopia nitapita haraka. Walifukuzwa Tigray mwaka 1838. Akaenda kwa mfalme Sahle Selassie wa Shoa, akakaa miaka karibu mitatu, na huko ndiko alikokutana na Waoromo. Akapata wazo ambalo halikumwacha mpaka kaburini: kwamba Mungu amewateua Waoromo kuwa kwa Afrika kile Wajerumani walichokuwa kwa Ulaya, na kwamba wakiokoka wao, bara lote litafuata. Akaanza kutafsiri Injili kwa lugha yao. Waborana tunaokutana nao sokoni, na majirani wetu wanaoongea Kioromo ng'ambo ya Daua, ndio watu aliokuwa akiwaza usiku na mchana. Jina alilowaita halikuwa jina lao wenyewe, na wao hawalipendi, kwa hivyo sitaliandika hapa.

Mimi nilisomea biashara chuoni. Nikisoma wazo lile la Waoromo naliona ni mpango wa biashara kabisa: soko moja kubwa, ukiliingia hilo mengine yanafunguka yenyewe. Si dhambi kuwa na mpango. Lakini mpango ukishavikwa Maandiko, nani tena atauhoji? Krapf alimhesabia Mungu hatua zake. Na kila mlango aliojaribu kuwafikia Waoromo ulifungwa. Mwaka 1842 akiwa safarini aliporwa mali yake yote na mtawala mmoja wa Wollo, akafika pwani ya Bahari ya Shamu kama ombaomba. Shoa hakuruhusiwa kurudi. Mwaka huohuo alimwoa Rosina Dietrich huko Misri, na walipojaribu kuingia tena kwa njia nyingine, Rosina akajifungua porini kabla ya wakati. Mtoto akabatizwa Eneba, maana yake chozi, akafa palepale.

Mtu mwingine angesema basi. Yeye akasema tutazunguka kwa baharini, tuwafikie Waoromo kutoka kusini. Wakapanda chombo, wakapita pwani ya Wasomali, ile ya karatasi tupu, na Januari 1844 wakafika Zanzibar. Sultani Sayyid Said akampokea kwa heshima na kumpa barua kwa magavana wake wa pwani, akiwataka wamtendee vizuri mtu huyu ambaye nia yake ni kuwaelekeza watu kwa Mungu. Mwislamu, mfalme, anamwandikia mmisionari barua ya kumtambulisha. Hilo halifundishwi sana.

Mei 1844 Krapf na Rosina wakaanza maisha Mombasa. Na Juni, mwezi mmoja tu baadaye, akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali, Kadhi wa Mombasa.

Hebu tukae hapa kidogo.

Kadhi ni hakimu wa sheria ya Kiislamu. Huyu mzee hakuwa na nia ya kubatizwa, na Krapf hakuwa na nia ya kusilimu. Tena niseme ukweli, ukisoma vitabu alivyoandika Krapf utakuta ameusema Uislamu kwa maneno makali ambayo mimi singeyatumia kwa jirani yangu hapa Bulla Jamhuria. Hata hivyo, kwa kazi hii walikaa pamoja. Mzungu ana Biblia, ana sarufi kichwani, ana Kiarabu alichojifunza njiani. Kadhi ana Kiswahili. Na Kiswahili hakidanganyiki. Ukisoma peke yako unaweza kuuvuta mstari uende unakotaka wewe, lakini ukiwa umekaa na mtu anayekuuliza hili neno maana yake nini hasa, ni lazima useme linasema nini kabla hujasema linakuambia wewe nini. Huwezi kutafsiri Mwanzo 1 kwa kutumia mpango wako wa Waoromo. Unatafsiri mbingu, nchi, giza, maji, na yule mwenzako anakuangalia kama umeeleweka.

Na maneno mtayatoa wapi? Angalieni maneno tunayoimba nayo kila Jumapili. Imani, rehema, neema, toba, dhambi, roho, sala, sadaka. Yote hayo yaliingia Kiswahili kutoka Kiarabu, yalikuwa midomoni mwa Waswahili Waislamu kabla Biblia haijafika, na mengine mama anayetuuzia maziwa ya ngamia anayajua kwa Kisomali chake. Sisemi imani zetu ni moja. Sio moja, na hao majirani ndio watakuwa wa kwanza kukwambia. Nasema lugha tunayolia nayo mbele za Mungu tuliikuta imeshatengenezwa na watu wengine, na mmoja wao alikaa kumsaidia mtu wetu.

Sura tatu za kwanza za ile tafsiri zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Krapf alichagua kuandika kwa herufi za Kirumi, ilhali Waswahili walikuwa wameandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Unaposoma ukurasa huu unasoma kwa chaguo lile.

Kazi ile ya Mwanzo ilikuwa imeanza tu wakati homa ilipoingia nyumbani. Rosina alijifungua mtoto wa kike tarehe 6 Julai. Krapf mwenyewe alikuwa kitandani, hana nguvu ya kusimama. Tarehe 13 Rosina akafa. Mtoto naye hakumaliza siku mbili baada ya mama yake. Rosina alikuwa ameomba azikwe bara, kando ya njia, ili wapitao wakumbuke kilichomleta pale. Wakamzika upande wa Nyali, na kaburi lipo mpaka leo. Yeye Krapf akawaandikia wakubwa wake Uingereza kwamba sasa wana kaburi kwenye pwani ya Afrika, na kwamba hiyo iwe alama kwao kuwa vita na sehemu hii ya dunia vimeanza, kwa kuwa kanisa hupata ushindi wake kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake.

Barua ile inasifiwa sana. Mimi huisoma kwa woga. Sina hakika mtu anayeandika hivyo siku chache baada ya kumzika mkewe ameshalia. Lakini hakuondoka. Hakusema Mungu amesema nami kwa kifo hiki nirudi nyumbani, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Hapo sioni mpango wowote wa kuuvika mstari. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mgonjwa, makaburi mawili, na kitabu cha Mwanzo kilichotafsiriwa nusu. Homa ilipompungukia akarudi kwenye kazi.

Sasa nifike kwetu, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nimchague.

Mwezi huu washirika wawili wamekuja kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, na neno lilelile la Mwanzo 12, Abramu anapoambiwa aiache nchi yake na jamaa zake. Mmoja ni mwalimu. Amepewa neno hilo kwamba ni wakati wa kuondoka Mandera, aombe uhamisho. Wa pili anafanya kazi ya kaunti, mke wake kule nyumbani analia kwa simu kila usiku arudi, naye amepewa neno lilelile kwamba alishaondoka kwa jamaa zake kama Abramu na hana ruhusa ya kurudi. Mstari mmoja, basi mbili, moja inakwenda na moja imezima injini. Na nyuma ya hao wawili ni sisi sote. Hakuna mtu katika ushirika huu asiyejua tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliotolewa ndani ya basi la Nairobi, au siku kumi baadaye, wale 36 wa machimbo ya mawe Koromey. Tunajua viti vilivyobaki wazi. Mtu akiniambia Mungu amemwambia aende, siwezi kumwambia hana imani. Akiniambia Mungu amemwambia abaki, siwezi kumwambia ni kichaa.

Ninachouliza ni kile nilichoweka juu ya ukurasa huu. Umelisoma na nani?

Yule mkuu wa Ethiopia katika Matendo 8 alikuwa msomi, ana gari lake, ana chuo chake cha Isaya mkononi, anakisoma. Filipo alimwuliza tu kama anaelewa, naye hakuona aibu kujibu kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, akampandisha garini. Petro naye ameandika kwamba unabii wa Maandiko si mali ya mtu kuufasiri apendavyo mwenyewe. Sisi tumejaliwa Roho Mtakatifu na simu yenye Biblia tatu, na asubuhi neno la siku limeshaingia kwenye kundi la WhatsApp kabla hujapiga mswaki. Ni rahisi sana kukaa na mstari mmoja, peke yako, usiku, ukiwa na hofu. Hofu inajua kusoma pia. Na kiburi kinajua kusoma. Mstari uliosomwa mbele ya mke wako, mbele ya mzee wa kanisa, mbele ya mtu ambaye hakubaliani na wewe, unaanza kusema maneno yake wenyewe.

Na asiyekubaliana nawe anaweza hata kuwa mtu wa nje. Tarehe 21 Desemba 2015, kwenye basi lililoshambuliwa kule El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na sisi. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwa kukataa huko, akafa Januari. Mimi tangu siku hiyo siwezi kuhubiri Msamaria Mwema kana kwamba ni hadithi ya mbali ya Yeriko.

Turudi kwa Krapf. Juni 1846 akapata mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani kama yeye. Wazee wa Rabai wakawaruhusu kukaa kwao, na mwezi wa Agosti wakahamia huko, wote wawili na homa, wakiwa na punda mmoja wanampokezana. Miaka ikapita. Mavuno ni nini? Mringe, mtu mlemavu, aliyependa kukaa na kuuliza maswali, akabatizwa akiwa mgonjwa karibu na kufa. Na Abe Gunja, aliyesikia na kuamini lakini ubatizo wake ukangoja miaka. Kwa hesabu nilizofundishwa mimi, ofisi ile ilitakiwa ifungwe mwaka wa tatu na wafanyakazi wapewe barua.

Krapf aliona jibu ni kusonga mbele. Alitaka mnyororo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa kukata bara mpaka bahari ya magharibi. Rebmann akaona tofauti: mtu akae pamoja na watu wachache, polepole, mpaka waelewe. Walipishana kweli juu ya hilo, ndugu wawili wanaosoma Biblia moja katika nyumba moja. Krapf akaenda Ukambani. Mwaka 1851 rafiki yake Kivoi, mkubwa wa Wakamba, aliuawa njiani walipokuwa karibu na mto Tana, mto uleule tunaouvuka Garissa tukishuka chini, na Krapf akakimbia peke yake porini, akibeba maji ndani ya mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki. Akarudi Rabai hai, kwa rehema tu. Mwaka 1853 afya ikamshinda, akaondoka. Alikuja tena 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, lakini mwili ukakataa.

Rebmann alibaki. Alikaa miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja. Mkewe Emma alifia huku. Macho yake yakafa. Mwaka 1875 alirudishwa Ujerumani akiwa kipofu, akafikia Kornthal, mji ambao Krapf alikuwa akiishi, akafa mwaka uliofuata. Nawaza sana juu ya hiyo miezi, wazee wawili, mmoja aliyesoma nenda na mwingine aliyesoma kaa, wako mji mmoja. Nani alisoma vizuri? Kanisa la Rabai limesimama juu ya kazi ya wote wawili, na mimi sitawapa alama.

Kuhusu Waoromo, hakuwafikia kamwe kwa njia aliyoiona kwenye mpango wake. Aliwafikia mezani tena. Miaka yake ya mwisho aliirudia ile kazi ya tafsiri aliyoianza akiwa kijana, akisaidiwa na Mworomo mmoja, Ruufoo, aliyekuwa mtumwa akakombolewa na kupelekwa Ujerumani. Ruufoo alikufa kabla kazi haijaisha. Agano Jipya kwa Kioromo likachapishwa mwaka 1876, kwa herufi za Kihabeshi. Kwa hiyo ule usomaji wa ujana wake ulikuwa na punje ya kweli ndani, ila Afrika haikugeuka kwa sababu ya kabila moja. Ilichukua miaka karibu arobaini na mtu mmoja mtumwa kuitenganisha hiyo punje na makapi.

Novemba 1881, akiwa na miaka 71, alikuwa akiwaambia rafiki zake jinsi kurudi kwa Bwana kulivyo karibu, na jinsi wazo hilo lilivyomjaa hata hana namna ya kulieleza. Ni ujumbe uleule wa Wolfenhausen. Safari hii hakuna aliyemwita kumhoji. Asubuhi ya tarehe 26 walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, ameshakufa. Mezani kwake kulikuwa na miaka ya kazi ya kamusi ya Kiswahili, ambayo ilichapishwa London mwaka 1882.

Jumatano tutafungua Mwanzo 12, sura nzima, sio mistari mitatu ya mwanzo peke yake. Njaa ya mstari wa kumi ipo, na Misri ipo, na uongo wa Abramu juu ya mkewe upo. Wale washirika wawili wamekubali kuja, na wenye barua za uhamisho, waliozipata na waliozikataa, nawaomba waje pia. Tunaanza saa tisa na nusu ili kila mtu awe nyumbani kabla ya magharibi.